Mbalamwezi imetuweka bandarini

Mwezi umejaa, na sisi wavuvi wa dagaa hapa Kalangala, visiwani Ziwa Victoria, tumekaa tu. Mukene, kama tunavyomwita Uganda, hufuata taa gizani. Mbalamwezi ikienea ziwa zima, taa zetu hana haja nazo. Basi ni kushona nyavu na kubishana mpira.

Wenzetu wa sangara mwezi hauwasumbui sana. Siku hizi mnunuzi akifika mwaloni, tunakoshushia samaki, anauliza bondo (kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara) kwanza, minofu baadaye! Bondo linakwenda China, kwa bei ambayo mvuvi haioni. Ila sangara asiyefika inchi 20 usimguse, ni marufuku.

Giza likirudi nitavua, na dagaa wangu nitawaanika kwenye chanja, juu ya ardhi. Dagaa wanaoanikwa mchangani huishia kuwa chakula cha kuku, na bei yake mnaijua.