Shanga ya Rangi ya Chungwa

Jumamosi, 10 Aprili 2021

Jana usiku nilikaa mezani na shanga mbili, moja ya zambarau na moja ya rangi ya chungwa, nikashindwa kuchagua.

Katika matembezi ya Out of the Darkness, yanayofanywa vyuoni Marekani kuzuia watu kujiua, kila rangi ina msiba wake. Nyeupe ni ya aliyefiwa na mtoto, nyekundu ya aliyefiwa na mwenzi, dhahabu ya aliyefiwa na mzazi, chungwa ya aliyefiwa na kaka au dada. Kijani huvaliwa na aliyepambana na mawazo ya kujiua mwenyewe. Zambarau ni ya jamaa au rafiki. Kwa hesabu yao mimi ni wa zambarau, maana niliyempoteza ni mtoto wa mama mdogo. Lakini tulilala kitanda kimoja, tukaogeshwa kwenye beseni moja, na sijawahi kumwita vingine isipokuwa mdogo wangu.

Nikavaa ya chungwa.

Kwa sababu ya korona hatukukusanyika chuoni. Kila mtu alitembea pale alipo, simu mkononi. Mimi nilikuwa Minneapolis, kando ya mto Mississippi, baridi ikinikata masikio, na upweke ulinielemea kuliko nilivyotarajia. Ndipo nikawaza: kama kila mtu anatembea alipo, kwetu Morogoro nako si mahali?

Kule msibani watu waliambiwa ilikuwa homa ya ghafla. Siwalaumu wazee. Kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, sasa nani atathubutu kusema mawazo hayo yamemjia? Mimi mwenyewe wiki zile za mwisho niliona amebadilika. Hali, halali, vitu alivyovipenda anavigawa. Sikumuuliza. Niliogopa kwamba nikilitamka neno lile nitampandikizia wazo. Nimekuja kujifunza kwenye semina ya chuo kwamba sivyo: kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii chochote, na wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Nililia hadi semina ikaisha.

Saa nne asubuhi nikapiga simu ya video nyumbani. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza yote, na nikalitaja neno lenyewe. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikasikia anavaa kandambili. "Ngoja nimpitie mama yako mdogo," akasema.

Wakatoka wote wawili, wakishika njia ya sokoni, mimi nikiwa kwenye kiganja cha Mama. Hatukuzungumza mengi. Kulikuwa na bodaboda, mtu anakaanga chipsi, watoto wanaamkia. Baadaye Mama Mdogo akaichukua simu, akauliza ile shanga shingoni mwangu ni ya nini.

"Ya aliyefiwa na ndugu yake wa damu, Mama Mdogo."

Akaitazama muda mrefu. Halafu akalitaja jina la mwanawe, mara ya kwanza kulisikia kinywani mwake tangu tumzike. Sitaliandika hapa, ni lake. Akalirudia tena, akaniuliza kama nakumbuka alivyokuwa akiogopa bata. Nikamwambia nakumbuka.

Giza lilikuwa limeshaingia kwao. Wakaendelea kutembea, nami nikaendelea.