Mama amekula leo

Tangu baba aondoke, mama anakula vijiko viwili vitatu, anasukuma sahani. "Nimeshiba." Daktari alishampima, hakuna ugonjwa uliopatikana.

Leo mchana tulikutana kwake wote, watoto na wajukuu. Maongezi yakanoga, kila mtu anamkatiza mwenzake.

Katikati ya kelele nikatupa jicho kwenye sahani yake. Nyeupe! Alikuwa anaikombeza kwa kidole huku akicheka, kisha akamnyooshea mdogo wangu, hata hakumtazama: "Niongeze kidogo."

Niongeze. Sikumbuki mara ya mwisho kulisikia neno hilo kwake. Nilijikaza nisilie mezani.

Chakula kilikuwa kilekile cha siku zote. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba watu wazima hula zaidi wakiwa na ndugu na marafiki kuliko wakiwa peke yao. Wakiwa na watu wasiowajua vizuri, hali hiyo haionekani sana.

Najua kuna mengine pia. Umri hupunguza kunusa na kuonja, dawa nyingine hukausha mdomo, na huzuni nayo hufunga hamu. Ila mzee anapokataa chakula, sisi hukimbilia kubadilisha mapishi. Nani anauliza anakula na nani?

Tumeshapanga zamu, kila jioni mmoja wetu atakula naye.

Wenye wazazi wanaoishi peke yao, ninyi mnafanyaje? Hasa mlio mbali, kupiga simu ya video wakati wa kula kunasaidia? Niambieni.