Nikiwa Nimelipa Jua Mgongo: Safari ya Kupiga Picha za Anga Nebraska

Picha kali ya machweo inadai vitu viwili ambavyo hukutana kwa nadra: mawingu mengi juu ya kichwa, na upeo wa magharibi ulio wazi. Magharibi pakizibwa, mwanga haupati pa kupenya na anga yote hubaki kijivu. Mawingu yasipokuwepo kabisa, unapata rangi ya chungwa pembezoni na hakuna cha kuipokea. Mwanya ule wa magharibi ndio ulionipeleka Nebraska, katikati ya Marekani, mwezi Juni. Katika latitudo zile pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Joto la mchana huinua mawingu ya radi wakati wa alasiri, pepo huyasukuma, na jioni ikifika yamekwisha kupita. Jua huyapata kwa nyuma. Karibu na ikweta, ambako mara nyingi pepo hutoka mashariki, mpangilio huo hugeuka: wingu huenda upande uleule jua linakozamia, likalifunika.

Tulishika Barabara namba 2, inayotoka mji wa Grand Island na kuelekea mji wa Alliance, zaidi ya kilomita 400 kwa upande wa kaskazini-magharibi. Baada ya Broken Bow mashamba yanaisha na matuta yanaanza: vilima vya mchanga vilivyoshikwa na nyasi, ambavyo vimetapakaa karibu robo ya jimbo zima. Wanapaita Sandhills. Miti ni michache, nyumba zimeachana mbali, na hapa na pale inasimama pampu ya upepo inayovuta maji ya ng'ombe. Sijapata kuona mahali panapomfaa mpiga picha za anga kuliko pale. Ardhi inachukua sehemu ndogo tu ya chini ya fremu, na pampu moja ya upepo inatosha kumwonyesha mtazamaji ukubwa wa kilichoko juu yake.

Asubuhi anga ilikuwa na sirasi tu, zile nyuzi nyembamba za barafu zilizoko kilomita nyingi juu. Kufikia mchana kumulasi, yale mawingu ya mafungu mafungu, zikaanza kuchipuka chini yake, ndogo, zote zikiwa na kitako bapa kwenye kimo kimoja, kwa kuwa hapo ndipo mvuke unaopanda hupoa na kugeuka matone. (Majina hayo ya Kilatini tunayotumia hadi leo aliyaanzisha Luke Howard, mfamasia wa London, katika mhadhara wa mwaka 1802.) Nyingi zilikufa. Moja, mbele yetu upande wa magharibi, ilikataa kufa. Ilipanda, ikavimba, kingo zake zikawa ngumu kama za koliflawa, na ndani ya saa moja kilele chake kikagonga dari ya tabaka la chini la angahewa na kuanza kutandaa pembeni. Sehemu hiyo iliyotandaa huitwa fuawe. Ukiiona fuawe, kumulasi imekwisha kuwa kumulonimbasi, na ndani yake mna radi na huenda na mvua ya mawe.

Mwenzangu alikuwa kwenye usukani, mimi nikisoma rada kwenye simu kila mtandao uliporudi.

"Kaka, wingu hili tulikimbilie au tulisubiri?" akauliza.

"Tulisubiri," nikamjibu. "Twende kusini kidogo, litupite kwa kaskazini."

Mji wa Thedford ndipo barabara ya 83 inapokatiza, na njia panda za namna hiyo ni adimu katika eneo lile. Tukashuka nayo kusini na kusimama juu ya kilima. Wingu lilipita mbele yetu lote, kutoka kushoto kwenda kulia, likiburuta pazia jeusi la mvua. Niliipiga hali hiyo nikiwa ndani ya gari, kioo kikiwa kimeshushwa kidogo, na hapa sina mzaha: radi huweza kupiga zaidi ya kilomita 15 kutoka ilipo mvua. Kati ya mmweko na ngurumo hesabu sekunde, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Ukipata chini ya sekunde 30, tripodi, ile stendi ya miguu mitatu ya kamera, haina kazi nje, na wewe pia. Gari lenye bodi ya chuma na paa ni kinga nzuri. Hakuna picha inayostahili zaidi ya hapo.

Likisha kupita, tulirudi barabarani na kukaza mwendo kwenda Mullen. Kati ya Thedford na Mullen unavuka mpaka wa majira, saa inarudi nyuma kwa saa nzima: machweo yaliyokuwa saa 3:20 usiku yakawa saa 2:20. Jua lenyewe halikutuongezea hata dakika.

Tulisimama kwenye tuta. Magharibi palikuwa safi mpaka chini kabisa. Mashariki ule ukuta wote wa wingu ulikuwa umesimama, na fuawe yake ilirudi juu yetu hadi ikatupita. Mvua ilikuwa imeosha vumbi, na hewa safi ndiyo hutoa rangi zilizokolea. Vumbi na moshi wa karibu na ardhi huzichafua. Jua likiwa kwenye upeo, mwanga wake hupita katika hewa nyingi karibu mara 38 kuliko likiwa utosini, na njiani buluu hutawanywa huku nyekundu ikifika.

Kwanza ulitokea upinde wa mvua. Jua linapokuwa chini upinde hupanda juu, unakaribia nusu duara kamili, na kadiri jua lilivyozama rangi za upinde ziliondoka moja moja. Kijani ilitoweka, kisha njano, ukabaki upinde mwekundu mtupu. Mikono ilinitetemeka kwa furaha. Nilikuwa nimesoma kwamba jambo hilo hutokea. Kuliona ni kitu kingine.

Tatizo kubwa la picha hizi ni tofauti ya mwangaza kati ya anga na ardhi, nalo ni la tangu zamani. Gustave Le Gray, Mfaransa, alikuwa na kemikali zilizoathiriwa mno na buluu, hivyo anga ikiungua na kuwa nyeupe. Katika miaka ya 1850 alipiga bahari kwenye negativu moja na mawingu kwenye nyingine, akaziunganisha wakati wa kuchapa. Mimi hupima mwangaza kwenye sehemu ya wingu inayong'aa zaidi, nikaacha ardhi iwe nyeusi. Faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, huruhusu kuinua vivuli baadaye, lakini weupe uliokwisha kuungua haurudi. Rangi ya mwanga naifunga kwenye mpangilio wa jua la mchana, kwa sababu kamera ikiachiwa ichague yenyewe hujitahidi kuondoa wekundu, na wekundu ndio niliousafiria.

Jua likazama. Wengi hufungasha hapo, nami nasikitika kila ninapowaona. Mawingu ya chini yalizimika baada ya dakika chache, lakini fuawe, iliyoko kilomita 12 na zaidi juu, iliendelea kuliona jua kwa takriban dakika 20. Na chini ya fuawe ile kulikuwa na mamatasi, mifuko ya wingu iliyoning'inia kwa mamia. Mchana mwanga wa juu huwa hauzifikii vizuri. Sasa ulizipiga kutoka chini na kutoka ubavuni, kila mfuko ukiwa na upande wa waridi na upande wa zambarau. Nilibadili lenzi pana nikaweka ya milimita 85, inayovuta vitu karibu, nikaacha kabisa ardhi, nikapiga mifuko tu.

Katika Juni ya latitudo zile utusitusi hudumu zaidi ya nusu saa. Kwenye ikweta ni dakika 20 na ushei. Muda ule wa ziada ulinitosha kuifikia hatua ya mwisho: wingu lilikuwa limekwenda mbali kiasi cha kutosikika, nikaweka kamera kwenye tripodi, shata ikiwa wazi kwa sekunde 15, na radi zikaliwasha kutoka ndani.

Picha nilizozichagua usiku ule, tulipofika Alliance, karibu zote nilizipiga nikiwa nimelipa jua mgongo. Ya magharibi nimebakiza moja, ya pampu ya upepo, kwa ajili ya umbo la pampu.

Kesho yake anga ilikuwa buluu tupu. Utabiri ulionyesha unyevu umehamia kusini, jimbo la Kansas, tukajaza mafuta na kugeuza gari kusini.