Siku moja maishani mwangu: kigari cha Mwalimu

Saa 12 asubuhi. Naishi London. Wageni wakisikia hivyo kwenye simu huanza kunisalimia kwa Kiingereza, lakini London yetu ni mtaa wa Nakuru, chini ya Menengai, na leo kilima chote kimejifunika ukungu. Chai, viazi vitamu vya jana, boda hadi gereji. Mwenye boda ananiomba nimwangalizie cheni. Kila siku cheni.

Saa 1:20 nafungua geti. Kigari cha gofu kimelala katikati ya pikapu mbili na trekta iliyofunguliwa injini, kama kifaranga kilichopotelea zizini. Ni cha Mwalimu, mstaafu anayefuga ng'ombe wa maziwa huko Bahati. Alikinunua nacho kikiwa kimestaafu, baada ya miaka mingi ya kubeba mifuko ya wacheza gofu. Kwenye nyasi zilizokatwa hakina neno. Kwenye njia ya shamba lake, ambayo trekta imeichimba mifereji miwili, tumbo la kigari hukalia tuta la katikati na magurudumu yakabaki kuzunguka bure. Ndipo Mwalimu akaagiza seti ya kuinua, inchi 6, karibu sentimita 15, na tairi kubwa juu yake.

Sanduku limeandikwa kwa Kimarekani kwamba seti ni ya gari la gesi. Jana jirani yangu muuza oili alikizunguka kigari mara mbili akitafuta mtungi umefichwa wapi. Gesi ya Wamarekani ni petroli, basi. Lakini neno hilo lina maana yake kwa fundi. Watengenezaji wa vigari hivi, E-Z-GO, Club Car na Yamaha, kila mmoja ana fremu yake, seti ya huyu haimwingii yule, na hata kwa kampuni moja, seti ya kigari cha petroli inaweza kutofautiana na ya cha umeme, kwa sababu cha petroli kina injini inayoning'inia nyuma na kila kinachoifikia: bomba la mafuta, kebo ya mafuta (ile inayovutwa na pedali), kebo ya gia, nyaya za stata. Ukiinua bodi, vyote hivyo vinavutwa. Nilimwambia hivyo kijana wangu wa mazoezi jana. Alitikisa kichwa, na leo tutaona kama alisikia.

Kwenye kiti kuna leso iliyokunjwa vizuri, ya maua ya zambarau. Naitundika ofisini isishike grisi.

Kabla ya spana yoyote, natoa waya hasi wa betri. Vigari vingi vya petroli havina mambo ya kuwasha kisha kuondoka. Ufunguo ukiwa wazi, ukikanyaga pedali ya mafuta stata inazungusha, injini inashika, na gari linakwenda, yote kwa mguu mmoja. Nyundo ikiangukia pedali ni sawa na mguu.

Saa 2. Mbele. Mawe nyuma ya tairi za nyuma, jeki chini ya fremu, stendi mbili. Kazi ya mbele ni rahisi kueleza: unatoa stabu, kile chuma kinachoshika gurudumu na kugeuka na usukani, unaweka nyingine ambayo pini ya gurudumu imeshushwa chini. Gurudumu linashuka, gari linapanda. Springi hujaigusa.

Rahisi kueleza, nimesema. Nati ya kwanza, spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza na inataka kula kona. Hapo ndipo mtu anakumbuka kwamba hiki ni chuma cha Marekani na kila kitu ni inchi. 9/16 ni milimita 14.3, hesabu isiyokaa popote kwenye seti yangu. Ya 19 inakubali vizuri kwa robo tatu, hiyo tunaijua, lakini zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Namtuma kijana kwa mzee wa matrekta, nyuma ya vibanda vya wachomeleaji. Mzee amefungua Massey Ferguson na Land Rover za zamani tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na spana zake za inchi zimefungwa kwenye gunia kama dawa za mganga. Kijana anarudi mikono mitupu.

"Amesema uende mwenyewe, fundi."

Naenda. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Hizi haziazimwi kwa mtoto. Zikirudi nitazihesabu." Anazihesabu zikitoka pia, moja moja, kwa sauti. Zipo kumi na moja.

Baada ya hapo mbele inakwenda. Kingi pini ya kushoto, ile pini ambayo stabu hugeukia, inatoka kwa kugongwa mara mbili, ya kulia inakataa hadi tuilowanishe oili na kuiacha tunywe chai. Beringi za habu nazitoa, nazisafisha kwa petroli na kuzijaza grisi mpya. Zina vumbi la Nakuru hadi ndani, lile laini kama poda, na hapo ndipo pesa ya mteja inapotea bila yeye kujua. Fundi anayefunga stabu mpya na beringi chafu amefanya nusu ya kazi akalipwa nzima.

Saa 5, nyuma. Hapa sikimbii. Fremu juu ya stendi, ekseli inaning'inia, na tunafungua U-bolti za upande mmoja tu kwanza. Ukifungua pande zote kwa pamoja, ekseli na injini vinaondoka na kukaa vinapotaka. Kwenye kigari hiki injini na ekseli zimekalia fremu ndogo moja, zinashuka pamoja, kwa hivyo mkanda kati ya klachi mbili hauguswi. Bloku ya chuma inaingia kati ya ekseli na springi, U-bolti ndefu, nati zinakazwa kwa mshazari, kidogo kidogo. Upande wa pili vivyo hivyo. Kijana anafanya huu wa pili mwenyewe na simshiki mkono.

Saa 7 kasoro dakika kumi. Narudisha waya wa betri ili tusikie injini. Magurudumu ya nyuma yameshawekwa lakini bado yako hewani.

"Gusa kidogo," namwambia.

Anagusa. Injini inashika, kisha inapanda, inapanda, inalia kama mashine ya posho isiyo na mahindi, klachi inashika na tairi mbili zinazunguka hewani hadi huoni alama za kashata. Kijana ameshatoa mguu. Ameinua hadi magoti, anaonyesha kila mtu kwamba si yeye. Nazima ufunguo.

Kimya. Muuza oili anachungulia juu ya ukuta. "Imepona?"

Ilikuwa kebo ya mafuta. Injini imeshuka sentimita 15, kebo imebaki na urefu wake, na klipu inayoibana kwenye fremu ilikuwa imeivuta hadi kabureta ikafunguka yenyewe. Kama kigari kingekuwa chini, kingepitia kwenye geti bila kulifungua. Nilikuwa nimemhubiria kijana jana kuhusu kebo, na mimi ndiye niliyesahau klipu. Tunaifungua, tunaipitisha kebo njia fupi zaidi ndani ya fremu, tunarekebisha nati ya mwisho hadi ina ulegevu kidogo ukiivuta kwa vidole viwili. Kisha ya gia. Kisha za breki, maana hizi nazo zilikuwa zimekaza: gurudumu la kushoto ukilizungusha kwa mkono lilisimama baada ya nusu mzunguko. Kigari kingetembea na breki imeshikwa hadi ngoma ya breki inuke.

Chakula saa 8, madondo na chapati, tumesimama.

Kuhusu tairi niligombana na Mwalimu wiki iliyopita, kwa adabu. Za kiwanda zilikuwa inchi 18. Yeye alitaka 24, ameona picha. Nilimwandikia hesabu kwenye boksi la plagi, maana ni mtu wa hesabu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na injini ya kabureta hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Hapo kwanza umeacha karibu moja ya tano. Tairi ya 22 badala ya 18 inakuongezea mwendo asilimia 22 tambarare, lakini msukumo unabaki asilimia 82. Zidisha: umebaki na theluthi mbili ya msukumo alioukusudia aliyekitengeneza, na unataka kupanda Bahati na mitungi ya maziwa. Na breki ni zilezile za ngoma ndogo, sasa zinazuia gurudumu kubwa zaidi. Alisoma, akavaa miwani, akasoma tena. "Basi 22," akasema, kama mtu anayepunguza alama za mwanafunzi.

Saa 9 hadi 10 ni chokaa na futi. Kubadilisha stabu kunavuruga mwelekeo wa magurudumu. Tunachora mstari katikati ya kila tairi ya mbele, tunapima umbali kati ya mistari kwa mbele na kwa nyuma, tunazungusha tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, hadi mbele pawe pafupi kwa milimita 3 hivi. Mara ya kwanza tulipata 20. Kingekula tairi mpya kabla ya Krismasi.

Saa 10:40 narudisha spana. Kumi na moja.

Saa 11:15 tuko Bahati, kigari kwenye pikapu, mvua ikikaribia kutoka upande wa Dundori. Naendesha mwenyewe kwanza, polepole, kwenye mifereji. Tumbo halikugusa kitu. Kwenye mlima injini inalalamika lakini inapanda. Kwenye kona nauhisi urefu, bodi inalalia nje, na namwambia Mwalimu hapa si mahali pa mbio, na baada ya siku chache za kazi nati zote nitazikaza upya, bure. Anafurahi. Anapiga picha. M-Pesa inaingia kabla sijanawa mikono.

Kisha mlango wa nyumba unafunguka na shosho anatoka na fimbo, mama yake Mwalimu, amevaa tayari. Nampa leso yake. Kumbe kila jioni hupelekwa na kigari hiki kuona ng'ombe wakikamuliwa.

Anakitazama. Anainua mguu, anaushusha.

"Mmeniinulia gari," anasema, "na mimi je?"

Nachukua futi. Inchi 6 za seti, 2 za tairi: sentimita 20 zaidi ya jana. Mwalimu ananitazama, namtazama kijana, kijana anaangalia pikapu. Tunamwinua shosho wawili, kila mmoja mkono mmoja, na anacheka njia nzima hadi zizini. Kwenye kiganja naandika kwa kalamu: ngazi, bomba la inchi moja, bati la vidoti, pande zote mbili. Kesho saa 2, kwa mchomeleaji.