Kidole kilichokataa kukata damu

Tangu niwekewe vali ya bandia moyoni, nameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni. Juzi nakata sukuma wiki, kisu kikateleza. Kidonda chenyewe kidogo, lakini damu! Nabana kwa tishu, nachungulia, inachuruzika. Nabana tena, nachungulia tena. Sinki likawa jekundu.

Kosa lilikuwa huko kuchungulia: kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Nikaosha kidole, nikakunja kitambaa safi, nikakandamiza kwa nguvu, mkono juu ya kifua, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika 15, bila kufunua. Mke wangu akaja: “Baba Asha, hebu nione.” Nikamkatalia. Damu ingeendelea kutoka baada ya hapo, ningekwenda hospitali. Haikuendelea; nikafunga bandeji.

Wafarini sikuiacha kwa uamuzi wangu, maana donge la damu kwenye vali ni balaa kuliko kidole. Niliwapigia kliniki, wakaniita kupima INR, kipimo cha damu kuganda: namba ikipanda, damu inachelewa kuganda. Ilikuwa 3.9, yangu hutakiwa iwe kati ya 2 na 3. Kumbe ni metronidazoli, antibiotiki inayoizidishia wafarini nguvu, niliyomeza kwa ajili ya tumbo, bila kumwambia muuza dawa kwamba natumia wafarini. Wakanipunguzia dozi, na kunipangia kipimo kingine.