Siku moja maishani mwangu: zoezi la moto watoto wakiwa wamelala

Saa 12:45 asubuhi. Nafika kwenye kituo chetu cha kulelea watoto kabla ya watoto wenyewe na kupita njia zote za kutokea. Mlango wa dharura nausukuma kutoka ndani: lazima ufunguke bila kutafuta ufunguo. Natazama mshale wa kila mtungi wa kuzimia moto kama uko kwenye kijani. Mlango wa nyuma umezibwa na kigari cha mtoto. Nakiondoa, kisha naandika pale pale, maana kikiondolewa kimyakimya kesho kitarudi.

Saa 1:30. Watoto wanaingia. Kila mmoja anaandikwa kwenye daftari la mahudhurio anapopokelewa, na fundi wa bomba naye anaandika jina lake. Daftari hili ndilo tutakalolishika nje. Mtoto ambaye hayumo humo, hakuna atakayejua kwamba amebaki ndani.

Saa 3:00. Mchezo wa moshi. Walezi wawili wanashika shuka usawa wa kiuno, watoto wanatambaa chini yake. Moshi wa moto hupanda juu, na hewa yenye nafuu hubaki karibu na sakafu. Tena ni moshi unaoua wengi, kuliko miali yenyewe. Mtoto wa miaka mitatu simwelezi habari za hewa yenye sumu. Namwambia tu, "Moshi juu, sisi chini."

Kisha tunafanya jambo ninaloliona muhimu kuliko kutambaa: kutojificha. Mtoto mdogo akiogopa huingia chini ya meza, nyuma ya pazia au chooni. Kwa hiyo nawasikilizisha mlio wa kengele kwa sauti ndogo kutoka kwenye simu, na kila wakiusikia wanakimbilia kwa mlezi wao. Tunarudia mpaka inakuwa furaha.

Saa 6:50 mchana. Wamekula, wamelala. Nawapigia wanaosimamia kengele yetu na zimamoto kuwajulisha kwamba ni zoezi.

Wapo wanaoniona mkatili kuamsha watoto. Tarehe 5 Juni 2009, huko Hermosillo, Mexico, moto ulianzia kwenye ghala lililopakana na kituo cha kulelea watoto, mchana, wengi wakiwa usingizini. Walikufa watoto 49. Watu walibomoa ukuta kwa gari ili kuwatoa waliobaki. Siwezi kulijua hilo kisha nikafanya mazoezi asubuhi tu, watoto wakiwa macho na viatu mguuni.

Tena kengele peke yake haitoshi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulijaribu watoto 24 wa miaka 6 hadi 12: sauti ya mzazi iliyorekodiwa iliwaamsha 23, mlio wa kawaida ukaamsha 14 tu. Wetu ni wadogo zaidi. Ndiyo maana walezi wanawagusa na kuwaita majina.

Saa 7:20. Napiga kengele. Kwenye mlango mkuu nimebandika karatasi nyekundu, "MOTO HAPA", ili watumie njia nyingine. Wachanga wanawekwa pamoja kwenye kitanda cha magurudumu. Wanaotembea wanashika kamba yenye vishikio. Mtoto asiyesikia vizuri ana mlezi wake maalumu, ambaye kazi yake kwa wakati huo ni huyo mmoja. Mlezi wa mwisho anakagua vyoo, anainama chini ya vitanda, na kufunga kila mlango anaouacha nyuma, kwa sababu mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi.

Nje tunaita majina. Siamini kuhesabu vichwa pekee: mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili na jumla ikatimia. Jina la mwisho linaitikiwa dakika 4 na sekunde 10 tangu kengele ilie. Nawapigia tena zimamoto na wasimamizi wa kengele kwamba tumemaliza.

Saa 8:15. Kuandika. Tarehe, saa, idadi ya watoto na watu wazima, njia iliyotumika, muda, aliyekagua vyumba, kasoro, nani atairekebisha na lini. "Zoezi limekwenda vizuri" silikubali likisimama peke yake. Halimwambii mtu cha kufanya. Chumba cha watoto wakubwa kilichelewa kwa sababu mlezi alitafuta viatu. Namwita tuzungumze kabla sijaandika.

"Mwalimu, nje kuna changarawe," ananiambia. "Watakanyagaje?"

"Ni kweli, dada. Lakini mguu uliochubuka tutautibu. Viatu tusitafute kabisa."

Ana hoja, hata hivyo, na hoja yake inaingia kwenye rekodi: mkeka na mablanketi yawekwe kwenye begi la dharura, mhusika awe mkuu wa kituo, mwisho Ijumaa. Tunatia saini sote wawili.

Saa 10:30. Wazazi wanakuja. Kila mmoja namweleza mwanawe aliamkaje, maana wengine watalia usiku wakisikia mlio wowote.

Saa 11:15. Napanga zoezi la mwezi ujao. Litakuwa asubuhi wakati wa kupokea watoto, mlango mkuu umejaa watu na daftari halijakamilika. Hapo ndipo ninapopahofia zaidi sasa. Mkuu wa kituo atakaa pembeni, msaidizi wake ndiye aongoze.