Kibali cha kurekodi katika hifadhi

Kwa miaka kadhaa nilirekodi filamu fupi za kuuza katika hifadhi za taifa nchini Marekani, na sheria ya mwaka 2000 ilinitaka niombe kibali na kulipia, hata nilipokuwa na mwenzangu mmoja tu na kamera ya mkononi. Asubuhi moja askari wa hifadhi alitusimamisha njiani, ilhali hatua chache kutoka hapo familia yenye stendi ya kamera kubwa kuliko yetu iliendelea kurekodi bila kuulizwa neno, kwa kuwa video yao haikuwa ya biashara. Niliumia sana. Sheria mpya iliyotiwa saini Januari 2025 inazingatia zaidi ukubwa wa kundi na athari zake kuliko nia ya kupata fedha, na kwa kawaida watu wasiozidi 8, wakiwa sehemu zilizo wazi kwa umma, hawahitaji tena kibali.

Hata hivyo, nisingependa masharti yote yaondolewe, maana nimeuona ule utando mweusi wa viumbe hai juu ya udongo wa jangwani ukimeguka chini ya kiatu kimoja tu, nao huchukua miaka mingi kuota upya.